Dhiraa za Firenze

Kutoka chumba cha juu cha mnara wetu, mimi na bibi tulikuwa tunauona vizuri ua wa Bwana Vieri. Kila asubuhi alijizoeza kumwinamia mtawala wa Urbino, iwapo siku moja angepita mjini kwetu. Aliyeigiza mtawala alikuwa mpishi wake, na sufuria kichwani. Bibi alicheka mara moja tu, lakini dirisha lilikuwa wazi.

Haukupita muda, Bwana Vieri akaikumbuka sheria ya zamani ya mji wetu wa Montefosco: mnara wa mtu usizidi dhiraa hamsini, unaozidi hukatwa kichwa. Akaagiza robo duara ya shaba ya kupimia urefu wa minara, iliyonakshiwa malaika na nyota, akaja nayo uwanjani pamoja na mkuu wa mji na waashi wenye ngazi.

"Hii si kazi ya wahunzi wa hapa," alitangaza. "Imetoka Firenze kwenyewe. Hata hii fimbo ya kupimia ni ya Firenze!"

Bibi alinishika mkono. Kitanda alichofia babu kilikuwa kule juu, na mbayuwayu walikuwa wanalea makinda chini ya paa.

Bwana Vieri akapima umbali kwa fimbo, akafumba jicho moja, akasubiri timazi iliyoning'inia kwenye shaba itulie. Ilichelewa kutulia, kwa jinsi alivyokuwa akihema.

"Hamsini na moja!"

"Sheria ni sheria, mama," mkuu wa mji alisema, akiangalia viatu vyake.

"Haya, mwanangu, vunjeni," bibi akajibu. "Ila namwonea huruma jirani yangu. Kumbe mnara wake ni mfupi kuliko wangu! Babu zake wangelia."

"Mfupi? Wangu?" Bwana Vieri alikwisha kugeuza shaba yake. "Nipisheni!" Akapima, akahema, akapiga kelele: "Hamsini na nne! Umesikia, bibi kizee? Hamsini na nne!"

Watu wakapiga makofi. Waashi wakabeba ngazi zao.

"Nyie mnakwenda wapi?"

"Kwako, bwana," akajibu fundi mkuu. "Kwako ndiko kwenye kazi."

Uso ukamshuka Bwana Vieri. "Ngojeni, jamani! Dhiraa ya Firenze ni fupi, nani asiyejua? Sheria inataka dhiraa yetu, ile iliyochongwa mlangoni pa kanisa!"

"Na ulipompimia mama huyu," mkuu wa mji akauliza, "fimbo ilikuwa ya wapi?"

Mtu mmoja akacheka, kisha uwanja mzima. Wakapima upya kwa dhiraa ya kanisani, na hakuna mnara uliozidi. Ngazi zikarudi ghalani.

Asubuhi hizi bado tunamwona uani. Mpishi, sufuria kichwani, humuuliza mnara wake una urefu gani.

"Dhiraa hamsini na nne, mtukufu," Bwana Vieri hujibu, ameinama mpaka kofia inagusa mawe.

"Za Firenze," bibi hunong'ona. Siku hizi tunafunga dirisha kwanza, ndipo tunacheka.