Rimu za Gari la Sufiani

Gari la Sufiani lilikuwa dogo, jeupe, la umeme. Halikuwa na muungurumo, na mbuzi wa Kibiti walichelewa kulipisha kwa sababu hawakulisikia likija. Alilinunua Dar es Salaam alikokuwa akifunga mitambo ya sola. Aliporudi nyumbani, jambo la kwanza alilofanya ni kulitia springi fupi hadi tumbo likakaribia lami. Kisha akalipeleka kwa kaka yake Zaidi, aliyekuwa akiuza na kufunga matairi na rimu kando ya barabara kuu ya Lindi.

"Kaka, hebu litazame," alisema. "Rimu zake za asili zimeingia ndani mno. Limekuwa kama mtu mnene aliyevaa viatu vya mtoto."

"Sasa unataka zipi, bwana mdogo?"

"Zile inchi kumi na nane, pana. Na zije nje, zikae sawa na bodi."

Zaidi aliishusha moja, akaigeuza kifudifudi, akamwonyesha namba iliyogongwa kwa ndani. "Hii ndiyo ofseti. Za gari lako zimeandikwa arobaini, hizi ishirini. Namba ikipungua, tairi linatoka nje. Na wewe gari umeshalishusha. Likibonyea kidogo tu, tairi linakutana na ukingo wa madigadi." Akagonga rimu nyingine kwa spana. "Chukua hizi kumi na saba, ofseti thelathini na nane. Hazina mbwembwe, lakini utalala usingizi."

"Mimi sikuja kutafuta usingizi, nimekuja kutafuta rimu."

Zaidi alicheka. Kusema kweli, na yeye alizitaka zile pana. Gari kama lile, likiegeshwa mbele ya kibanda chake, kila dereva wa barabara ile angepunguza mwendo atazame, aulize nani kalifunga.

"Nyuma unapakia watu?" aliuliza.

"Watu gani? Mimi na simu yangu."

Zaidi alijua hayo si majibu. Tangu lini gari la mtu wa Ruaruke, kijijini kwao, likatembea na mtu mmoja? Ukisema unakwenda dukani, anapanda shangazi, na mchele wake unapanda, na kuku wanafungwa miguu wanasukumwa chini ya kiti. Lakini jibu lile lilimfaa, akalichukua kama lilivyo. Alipima nafasi juu ya tairi gari likiwa tupu. Akafunga zile pana, akakaza nati, akaliendesha hadi njia panda na kurudi. Hakusikia kitu. Rimu za zamani alizirundika nyuma ya kibanda.

Miezi ikapita, na Sufiani kweli alikuwa akitembea peke yake. Mpaka siku moja baada ya adhuhuri dada yao Tabu alipopiga simu kutoka Ruaruke. Mama yao, Bi Fatu, kifua kilikuwa kimembana tangu asubuhi, na sasa hata kukaa alikuwa hawezi.

Walikwenda wote wawili, Sufiani kwenye usukani na Zaidi pembeni yake. Walipofika, mama alikuwa amelazwa barazani, shangazi yao Habiba akimpepea kwa upepeo wa ukindu.

"Mmekuja, wanangu," alisema mama.

Wakampakia. Mgonjwa kwao hapelekwi hospitali na dereva tu kama gunia. Shangazi Habiba aliingia kwanza ili mama aweke kichwa mapajani mwake. Tabu aliingia upande wa pili akaipakata miguu. Jirani yao Bi Mwanasiti, aliyekuwa na mama tangu alfajiri, alijibana katikati, sakafuni mbele ya kiti, magoti yamemgusa kidevu, na ndoo na furushi la khanga juu yake.

"Mbona linakaa chini?" alisema Bi Mwanasiti. "Hata kuondoka bado, limeshachoka!"

Zaidi alikuwa nje, akifunga mlango wa nyuma. Akatazama chini. Bega la tairi lilikuwa limeingia ndani ya madigadi, na nafasi aliyoiacha kule kibandani haikuwapo tena. Aliiona vizuri kabisa, mchana kweupe.

Angeweza kusema. Maneno yenyewe yalikuwa machache: wawili washuke, wafuate na bodaboda. Lakini amwambie nani ashuke? Shangazi, mwenye kichwa cha mama mapajani? Na akiulizwa sababu, aseme nini, kwamba rimu alizozifunga yeye haziwezi kubeba mama na wauguzaji wake? Akajiambia njia ni kavu, watakwenda taratibu. Akaingia mbele, akafunga mkanda.

"Twende," akasema.

Mwanzo ilikuwa sauti ndogo, kama mtu anayepiga msasa ubao kwa mbali. Kila lilipoingia kwenye bonde, sauti ilikuja, lilipotoka, ikanyamaza. Katika gari lisilo na muungurumo ilisikika sana. Sufiani alimtupia kaka yake jicho. Zaidi akatazama mbele. Ikaja harufu ya mpira. Shangazi akauliza nani anachoma nini. Walipopanda kalavati la pili, tairi la nyuma likapasuka na gari likakaa kwenye rimu.

Tairi la akiba halikuwamo. Magari yale huja na pampu ndogo na dawa ya kuziba tundu, na lile halikuwa tundu: ubavu mzima ulikuwa umekatwa kama embe. Sufiani alikimbia mbele kutafuta gari, Zaidi akabaki amemshikia mama mwavuli dirishani. Jua lilikuwa limeshainama ilipopita pikapu ya korosho. Wakamhamishia mama juu ya magunia, wale wanawake watatu wakamzunguka.

Alifariki hospitalini kabla ya isha. Muuguzi aliwaambia moyo ulikuwa umechoka siku nyingi, pengine hata wangewahi isingekuwa tofauti. Zaidi alilishika lile neno "pengine", akaligeuza huku na huku, na halikumpa chochote.

Kwenye matanga lawama ilimpata mwenye gari. Shangazi Habiba hakuficha. "Gari Mungu kamjaalia lina miguu mirefu, yeye kalilaza chini kama kuku anaatamia! Ili iwe nini? Ili watoto wa Kibiti wampigie makofi." Watu waliitikia kwa kuguna. Sufiani alikuwa amekaa kwenye mkeka wa wanaume, amesikia yote, na hakuinua uso. Zaidi alikuwa karibu yake kiasi cha kugusana mabega. Naye hakuinua uso.

Baadaye Zaidi alikwenda kalavatini na tairi kuukuu la kuvalisha rimu ile, walivute gari hadi kwa mama. Ndani ya madigadi, bati lilikuwa linang'aa kama kisu kilichonolewa. Sufiani alisimama nyuma yake akitazama.

"Kaka, usiseme kitu kwa watu," alisema. "Wewe una kibanda. Nani atakuletea gari? Mimi nitarudi Dar, basi."

"Wewe ulijua?"

"Si ulinionyesha namba?"

Zaidi akaendelea kukaza nati zilizokuwa zimeshakazwa.

Ikafika siku ya arobaini. Khitma ilisomwa, pilau ikapakuliwa. Sufiani hakuja barazani. Alikuwa uani amelala ndani ya gari lake, begi lake la safari kwenye kiti cha mbele. Shangazi Habiba alimpa Zaidi sahani iliyofunikwa.

"Mpelekee mwenzio. Mimi macho yangu bado hayajataka kumwona."

Zaidi hakuipokea. "Shangazi, zile rimu niliziuza mimi. Nilizifunga mimi."

Shangazi alimtazama, uso ukalainika kuliko siku zote zile. "Mwanangu Zaidi. Unamkingia nduguyo. Mama yako alikuwa akisema, huyu ana moyo." Akawageukia wanawake waliokuwa wakiosha vyombo. "Mnamsikia? Anataka kuubeba mzigo wa mwenzake!" Nao wakamwombea kheri, mmoja baada ya mwingine.

Ilimchoma kuliko matusi. Akawaita Tabu na Bi Mwanasiti, akawaomba wainuke waje uani. Akamwambia Sufiani akae kwenye usukani.

"Kaka, acha," alisema Sufiani.

"Kaa."

Tabu akaingia nyuma, Bi Mwanasiti akajibana katikati akilalamika kwamba wanamtesa mtu mzima bure. Zaidi akazunguka, akakaa pale alipokaa shangazi siku ile. Gari likashuka.

"Shangazi, inama. Tia kidole juu ya tairi la nyuma."

Shangazi Habiba alipiga magoti taratibu kwenye mchanga, sahani bado mkononi. Alijaribu kidole cha shahada, kisha kidole kidogo. Hakikuingia.

"Hakuna nafasi," alisema.

"Likiwa tupu ipo. Mimi nilipima likiwa tupu."

"Kwa nini?"

"Nilitaka lipendeze kibandani kwangu."

Shangazi akabaki amepiga magoti, uso wake umelingana na dirisha.

"Na siku ile, uliliona hili?"

"Niliona."

"Tumeshampakia?"

"Mmeshampakia. Kichwa kiko mapajani mwako."

"Ukafunga mlango."

"Nikafunga mlango."

Tabu alianza kulia bila sauti, kichwa amekigeuzia dirisha la pili. Shangazi aliinuka kwa kushika bodi ya gari, akajikung'uta mchanga magotini. Alikwenda mbele, kwenye mlango wa abiria, akaufungua. Akaliondoa lile begi la safari kwenye kiti, akaliweka chini.

"Sufiani, baba," alisema. "Toka huko kwenye joto. Njoo barazani ule, kimepoa."

Sufiani alimtazama kaka yake kwenye kioo. Kisha akatoka, akaipokea sahani kwa mikono miwili, akamfuata shangazi. Tabu akashuka, na Bi Mwanasiti nyuma yake. Kila mmoja aliposhuka, gari liliinuka kidogo, mpaka likabaki na Zaidi peke yake.