Mabaka ya Mlimau

Kwenye chumba chetu cha kukarabati picha za zamani kuna sheria moja: doa haliguswi mpaka watu wawili waseme ni doa. Baba ndiye aliyeiweka, kabla mimi sijajua hata kushika brashi. Mmoja anauliza, "Doa?" Mwingine anainuka, anatazama kwa lenzi, anajibu. Ndipo maji yaguse karatasi.

Siku ya mlimau sikuinuka. Nilikuwa nabandika jalada lililonisumbua tangu asubuhi, gundi imenikaukia vidoleni, na baba alikuwa ameshauliza mara ishirini.

"Doa?"

"Doa, baba."

Uvivu wangu huo, sina wa kumsingizia. Na nilijua fika kwamba ana mtoto wa jicho. Nyumbani alikuwa anamimina chai nje ya kikombe. Alinikataza kusema, nami nikafyata ulimi, maana bila kazi ile angejilaza kitandani asubiri kufa. Alinitamkia hivyo hivyo.

Picha yenyewe ilikuwa nzuri, jamani. Tawi la mlimau wa bustani moja ya dawa, lililochorwa kwa rangi za maji zamani sana: ua, tunda zima, tunda lililokatwa, na chini yake maelezo kwamba maji ya limau hutibu kikohozi na maganda hutuliza tumbo. Baba aliirudisha kabatini imetakata, akajisifu kutwa nzima.

Wiki iliyofuata akaja mtaalamu wa mimea, mama mpole mwenye matope kwenye viatu. Alisema milimau inakufa mashambani, na ugonjwa huanza kwa mabaka ya njano kwenye majani. Alikuwa amesoma daftari la mchoraji: mti ule ulikuwa na mabaka, naye aliyachora yote, moja baada ya jingine. Mama huyo alitaka kuona kama ni ugonjwa uleule.

Msimamizi wetu akaitoa picha. Mtaalamu akaenda nayo dirishani, akaiinamia muda mrefu.

"Mabaka yako wapi?"

Baba akawahi kusema.

"Nilimuuliza binti yangu. Akaniambia ni doa."

Ilikuwa kweli tupu, na iliniuma kuliko uongo. Msimamizi hakupandisha hata sauti. Aliniambia nikusanye vitu vyangu, kisha akamgeukia baba.

"Mzee, zimebaki picha arobaini za bustani ile. Utazimaliza mwenyewe. Wewe nakuamini."

"Hamna shida," baba akasema, kifua mbele.

Nilifika mlangoni na mkoba wangu. Nikaziwaza hizo arobaini, nikarudi.

"Baba haoni," nilisema. "Macho yote mawili."

"Muongo huyo! Ana hasira za kufukuzwa."

Msimamizi alitutazama kwa zamu. Akachomoa karatasi kwenye bunda jipya, nyeupe, haina hata alama ya kalamu, akamwekea baba mezani.

"Hebu iangalie hii, mzee. Inasafishika?"

Baba aliisogeza karibu na pua. Akaigeuza kwenye mwanga, akaipapasa pembeni kwa kidole, taratibu, kama alivyonifundisha mimi. Nilitamani ardhi inimeze.

"Imechakaa," alisema. "Ila mchoro bado upo. Nipe siku mbili."