Okidi za Shuaibu

Mwaija hakutulia. Anakaa kitandani, anainuka, anachungulia dirishani, anarudi kukaa. Eda ilimtaka akae ndani, na roho yake yote ilikuwa nje kwenye ukoka, pale zilipochomoza okidi, maua ya porini.

Shuaibu, mumewe, hakuzipanda. Zilijiotea zenyewe walipohamia Mapinga, naye kila akifyeka akawa anazikwepa, majirani wakimcheka kwamba mwalimu mzima anabembeleza magugu. Alicheka nao, kisha akaendelea kuzikwepa. Sasa mwalimu yuko kaburini, na mdogo wake, Hamidu, ameshaleta mafundi na vitofali vya kusakafia uwanja. Arobaini imekaribia, wageni watakanyagaje tope? Nia yake njema, hilo Mwaija hakulikataa. Lakini maua yale ndiyo kitu pekee cha mumewe kilichokuwa bado kinakua.

"Wifi, anzia mbali," Mwaija alimwelekeza Esha, dada wa marehemu, kupitia nondo za dirisha. "Yana viazi chini. Zungushia jembe, usivute."

"Nimelima mihogo tangu sijavunja ungo, leo unifundishe kuchimba?" Esha akashika shina, akavuta kama ang'oavyo muhogo. Ua likaja mkononi, kiazi kikabaki ardhini. Akavuta la pili, yakawa yaleyale. Na mafundi walishafika nusu ya uwanja.

Mwaija akafungua mlango. Akatoka na nguo zake za eda, mchana kweupe, akapiga magoti na kuanza kufukua kwa vidole.

Hamidu akamsogelea. "Shemeji," alisema kwa sauti ya chini, "watu wanapita barabarani. Uko eda."

"Eda ya nani?"

"Ya kaka."

"Basi nipishe nimalize."

Hamidu akawaambia mafundi wakanywe chai. Akachukua mkeka barazani, akashika upande mmoja, wa pili akampa Esha, wakauinua ukamkinga mjane na macho ya barabarani. Nyuma yao Mwaija alichimba, akivitoa viazi na udongo wake na kuvipanga kwenye beseni.

"Bado nyingi?" Hamidu aliuliza bila kugeuka.

"Bado."

"Usiwe na haraka, shemeji," alisema, na mkeka ukaanza kutikisika mikononi mwake, yeye ambaye siku ya mazishi hakudondosha chozi.