Gari Limeacha Kulia

Mdogo wangu tunamwita Besi, na jina hilo hakupewa bure. Kazi yake ni kufunga muziki kwenye magari, na akikufungia wewe ujue mtaa mzima umefungiwa. Kibanda chake kiko ubavuni mwa nyumba ya mama, kimejaa spika zilizopasuliwa na nyaya za kila rangi, na ukimuuliza jambo lolote la maana duniani atakujibu kwa habari za spika. Nampenda. Lakini siku ile kidogo nimnyonge kwa nyaya zake mwenyewe.

Kisa kilikuwa pikapu ya marehemu baba. Gari la zamani hasa, la milango mizito na dashibodi ya bati, lenye redio ya vitufe na spika moja tu katikati. Redio ile ilikuwa na ugonjwa wake. Injini ikiwaka, nyuma ya muziki ulisikika mlio mwembamba, iiii, na baba akikanyaga mafuta mlio unapanda, akiachia unashuka. Hakuwahi kuutibu. Miaka yote mama alipokuwa akifua mashuka hospitalini, baba alimfuata jioni kwenye geti la nyuma, na mama hakutoka kwa kupigiwa honi wala kuitwa jina. Alitoka akisikia gari linalia.

Siku hizi mama kumbukumbu zimemtoroka. Kila asubuhi namchoma sindano yake ya sukari, Besi anamkalisha kwenye pikapu, anawasha injini na redio, na mama anatulia tuli kwenye kiti cha abiria mpaka nimletee chai na mkate. Nje ya lile gari hali chochote. Tulishajaribu mezani, kitandani, barazani, akatubania meno kama mtoto. Kwa hiyo pikapu ile haikuwa gari tena, ilikuwa ndiyo meza yetu ya chakula.

Basi Besi akaona amfanyie mama mambo makubwa. Akang'oa redio ya baba, akaweka mpya yenye taa za buluu, spika milangoni na nyuma ya kiti, amplifaya chini. Na ule mlio akauua. Alinieleza huku meno yote nje: ulikuwa unatoka kwenye altaneta, mashine inayochaji betri, na ulipenya kwenye redio kwa sababu waya wa kwenda kwenye bodi ya gari ulifungwa juu ya kutu. Akaikwangua kutu, akakaza waya, akaongeza kichujio.

"Sikiliza, dada! Safi! Hata chembe ya mlio hakuna."

Nikamsifu. Nani asingemsifu?

Asubuhi yake nilimchoma mama sindano, nikaingia jikoni. Besi akamkalisha garini, akafungulia muziki. Mama akapapasa dashibodi.

"Mbona halilii?"

"Nimeliponya, mama."

"Hili si letu. Letu linalia."

Besi akacheka, akaenda kibandani kufuata bisibisi. Nilipotoka na chai, mlango wa pikapu ulikuwa wazi, muziki unapiga, kiti kitupu.

Niseme wazi, maana kuna watu walitucheka jinsi tulivyochanganyikiwa. Dawa ya sukari ikishaingia mwilini na tumboni hamna kitu, sukari inashuka mpaka mtu anaanguka, na akikosa wa kumwinua, haamki. Mama alikuwa na dawa mwilini na hajala hata kipande cha mkate. Nilijua hivyo nikiwa nimesimama na kikombe mkononi.

Tulimtafuta kila mahali. Kwa majirani, sokoni, nyumba za ibada, kwenye mtaro mkubwa ambako niliinama kutazama na sikutaka kuona. Barabara kuu malori yalikuwa yanapita kama kawaida na nikayachukia yote. Tulifika hadi hospitalini, geti la nyuma. Mlinzi, mzee mwenye adabu zake, akatuapia kwamba hajapita bibi yeyote hapo. Nikaita, "Mama! Mama!" mpaka sauti ikakauka. Mama za watu waligeuka kunitazama. Wangu hakugeuka.

Jua lilikuwa limeshapanda. Tulirudi nyumbani kuangalia kama amerejea, tukakuta chai imeota ngozi. Besi akakaa chini, akajishika kichwa, akaanza kulia kwa kwikwi, mwanamume mzima na ndevu zake.

"Nimemuua mama, dada."

"Nyamaza. Alisema nini? Niambie maneno yake, usiongeze lako."

Akanirudia: hili si letu, letu linalia. Ndipo akili ikanijia, na kwa kweli ilichelewa.

"Besi, mama hajapotea. Anasubiri gari. Popote alipo, hata tukimpigia kelele hatoki. Rudisha redio ya baba."

"Nimeifungua yote. Nimeshatoa vipuri vyake."

"Basi ifanye hii mpya ilie."

Akanitazama kana kwamba nimemwambia ateme mate kwenye chakula. "Dada, maisha yangu yote nimeondoa mlio. Sijawahi kuuweka."

"Leo utauweka!"

Akajitupa chini ya dashibodi. Kwa haraka aliyokuwa nayo, bisibisi ilimponyoka kila mara. Akang'oa kichujio, akawasha. Muziki safi. Akalegeza waya aliokuwa ameukaza, akawasha. Muziki safi. Nilitamani kuipiga ile redio teke. Hapo akatoka na kutu mkononi, kweli kabisa, aliikwangua kwenye bodi ya gari, akaisugua mahali pa waya kama mtu anayepaka dawa ya kidonda. Akavuta nyaya za spika akazilaza juu ya waya wa altaneta, kosa ambalo amewatukania mafundi wenzake maisha yake yote. Akawasha.

Iiiii.

Akazima muziki, akabakiza mlio. Ulitoka kwenye spika zote kwa nguvu za amplifaya, hata kuku wakatimka. Sijawahi kufurahia kelele mbaya namna ile.

Tukaingia mitaani, vioo chini, gia ya kwanza. Besi akawa anakanyaga mafuta na kuachia, jinsi baba alivyofanya akikata kona. Watu waliziba masikio. Muuza vocha akapaza sauti, "Besi, leo gari lako linaumwa!" na mama mmoja akatulaani na vizazi vyetu. Mimi nilikuwa nimeshika chupa ya soda ya kumpandisha mama sukari, natazama kila uchochoro, kila kivuli cha ukuta. Tulimaliza mtaa wetu. Tukamaliza wa pili.

"Tujaribu hospitalini tena," nikasema. Sikuwa na imani. Sikuwa na pengine pa kusema.

Tulisimama kwenye geti la nyuma. Besi akakanyaga mafuta, akaachia. Akakanyaga, akaachia. Mlinzi alikuwa anakuja kutufukuza alipogeuka nyuma yake. Kule ndani, kwenye kamba za kuanikia, shuka moja lilisogea, na mama akatokea, mkoba kwapani, amejaa jasho, anayumba. Alikuwa amepitia tundu la ukuta ambalo wafuaji wanalijua tangu zamani.

Niliruka nikamdaka kabla hajafika chini. Nikamkalisha katikati yetu, nikamwekea chupa mdomoni, naye akanywa. Garini anakubali. Akanywa kwa pupa, soda ikimchuruzika kidevuni, na mimi nikawa nahesabu pumzi zake na kumwomba Mungu waziwazi. Baadaye mikono ikaacha kutetemeka. Rangi ikamrudia. Akamgeukia Besi.

"Umechelewa leo."

Besi alifungua mdomo kumsahihisha. Nikamfinya bega nyuma ya mgongo wa mama.

"Foleni," akasema. "Nisamehe, mke wangu."

Mama akaridhika. Tukaondoka polepole, gari linalia, na mimi nimemshika kiganja, kile ninachokiosha kila siku na kukikata kucha, cha mkono ninaouchoma sindano kila asubuhi. Akavitazama viganja vyetu kwa muda. Kisha akanitazama usoni, kwa adabu, kama anavyotazamwa mgeni. Akainama sikioni kwa Besi, lakini masikio yake mazito hayamruhusu tena kunong'ona, nikasikia kila neno.

"Na huyu dada tunamshushia wapi?"

Nikajibu mwenyewe.

"Mnakokwenda nyinyi, mama, na mimi nakwenda hukohuko."

"Ah, vizuri," akasema, akajisogeza kidogo ili nikae vizuri.