Siku Bi Swali Alipokaukiwa na Maneno

Pale kliniki walimwita Bi Swali, na jina likamganda. Mteja akisema "nipo tu", washauri wengine huitikia kwa kichwa na kuendelea. Yeye alikuwa akiuliza, "Upo tu, maana yake unakula? Unalala? Au upo kwa sababu hujapata njia ya kutokuwepo?" Na mtu aliyeingia akiapa kwamba hana neno alijikuta anamwaga yote ya moyoni.

Shangazi, mshauri mkongwe kuliko wote pale, alimhusudu kwa wema. Vyumba vyao vilitenganishwa na ukuta mwembamba. Aliwahi kumpokea baba mmoja aliyefiwa na mwanawe, akamliwaza kwa kila alichokijua, na yule baba akakaa kama gogo. Akampeleka kwa Bi Swali. Bi Swali aliketi karibu naye, kisha akamuuliza, "Alikuwa anavaa kiatu saizi gani?" Yule baba akataja namba, na hapo ndipo machozi yalipomtoka kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Shangazi alilisikia swali lile likipenya ukutani, akabaki ameshika kikombe chake cha chai mpaka kikapoa. Yeye asingeliwaza swali kama hilo hata angepewa mwaka mzima.

Kisha kliniki ikapanuka. Wateja wakawa wanapishana mlangoni, vyumba vikawa vya kushirikiana, na ukumbini zikafungwa taa za tyubu zilizovuma kama nyuki. Bi Swali hakulalamika. Alitabasamu walipotabasamu wenzake, akacheka walipocheka, na jioni alitoka akipapasa ukuta kama mgonjwa. Shangazi aliyaona hayo, akadhani ni uchovu wa kawaida. "Mwanangu, pumzika," akawa anamwambia, na yeye akijibu, "Nitapumzika, Shangazi."

Asubuhi moja, katikati ya kikao cha wafanyakazi, mkurugenzi akamgeukia na kumuuliza wateja wake wanaendeleaje. Bi Swali akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Akaufunga, akaufungua tena. Mshauri mmoja mcheshi, ambaye wote walimwita Redio kwa kuwa hazimi, akasema, "Leo swali limekosa jibu!" Watu wakacheka. Bi Swali akaziba masikio kwa viganja, akateremka polepole mpaka chini ya meza.

Kicheko kikakatika. Shangazi akamshika mkono, akampeleka stoo, akazima taa na kuketi naye katikati ya maboksi ya karatasi mpaka mdogo wake Bi Swali alipokuja kumchukua.

Shangazi hakuwa mtu wa kumtupa mwenzake. Alimtembelea nyumbani na matunda, na umbea wa kazini, na khanga iliyofukizwa udi, akaongea kwa niaba ya wote wawili. Bi Swali alikuwa chumbani, anapiga pasi mashuka yaliyokwisha kunyooka. Shangazi alipotulia kidogo ili avute pumzi, simu yake ikalia mkobani. Ujumbe ulitoka kwa aliyesimama mbele yake.

"Nakupenda, Shangazi. Lakini unanimaliza."

Shangazi akaketi kitandani. Kazi yake yote maishani ilikuwa kufariji watu. Akataka kujitetea, akajizuia, akaandika kwa kidole kimoja, "Nifanye nini?"

"Khanga itoke nje, harufu inaniumiza. Halafu kaa. Usiseme kitu."

Akaipeleka khanga sebuleni, akarudi, akakaa. Alidhani kimya kitamshinda, maana mume wake humlalamikia kwamba anaongea hata usingizini. Pasi ikateleza, mvuke ukapanda, na baadaye simu ikalia tena.

"Mimi nina usonji. Niliambiwa na daktari nikiwa mtu mzima. Wateja hawanichoshi. Ninachoka kwa kujifanya niko kama ninyi. Nikitoka kwenye kujifanya, habaki mtu wa kufanya kazi."

Shangazi akausoma mara ya pili. Akakumbuka vile vicheko vya kikaoni, vilivyochelewa kidogo kila mara, kama mtu anayefuata wimbo asioujua. Mwanamke huyu alikuwa akifanya kazi mbili kwa wakati mmoja, kushauri na kujifanya, na ile ya kushauri pekee ilikuwa imemshinda Shangazi kwa yule baba wa kiatu.

Siku zilizofuata alikuja na mashuka yake mwenyewe yaliyokunjamana. Bi Swali alipoyaona alicheka, kicheko chake hasa, kikavu kama kikohozi. Sauti ikaanza kurudi, neno leo, sentensi kesho.

Kazini, mkurugenzi alikuwa na mpango wake. "Tumpe kazi ya mafaili, apumue." Shangazi akakimbilia kumwambia Bi Swali, akiwa ameshajipanga kwenda kupambana.

"Usinisemee," Bi Swali akasema. "Kaa tu karibu na mlango, nikuone."

Basi akarudi kikaoni, akasimama, macho yake ameyaweka kwenye dirisha. Akawaambia alivyo, bila kuomba radhi. Akataka chumba cha peke yake, taa za tyubu zitolewe, apate nafasi ya kupumua kati ya mteja na mteja, na maagizo apewe kwa maandishi.

"Na wateja wakijua?" mkurugenzi akauliza, na aliuliza kwa wasiwasi wa kweli. "Watasemaje?"

"Wengine wanajua, niliwaambia. Mmoja aliniuliza kama hiyo ndiyo sababu simdanganyi."

Mkurugenzi akainamisha kichwa, akalikuna paji la uso. "Tuanze na taa," akasema.

Jioni ile Redio alisimama mlangoni kwa Bi Swali, akiusugua mguu mmoja kwa mwingine. Akaomba radhi kwa ule utani. Kisha akasema kwamba kichwa chake hakijawahi kutulia tangu utotoni, kwamba dawa zake huzificha kwenye soksi, na kwamba huo uchangamfu wote ni kelele ya kufunika miadi anayoisahau. "Nimechoka, dada. Nimechoka vibaya."

"Vibaya vipi?" Bi Swali akauliza, akamsogezea kiti.

Kikundi kikaanzia hapo. Washauri kutoka kliniki nyingine wakajiunga: mmoja herufi humrukaruka machoni akisoma, mwingine hawezi kushika kalamu kelele ikianza. Walikutana mchana mara moja kwa wiki, mapazia yameshushwa. Anayetaka kuongea aliongea, anayetaka kutembeatembea alitembea, na hakuna aliyemwambia mwenzake atulie. Shangazi hakuwa mmoja wao. Kazi aliyopewa ilikuwa kupokea simu zao muda huo, na aliifanya kwa fahari.

Uchovu ulirudi, maana huwa unarudi. Safari hii Bi Swali aliuona ukija kwa mbali: vijiko vikigongana vilianza kumtoa machozi. Hakungoja sauti ikauke. Alikiambia kikundi, wakagawana wateja wake, naye akawaaga wateja mmoja mmoja, akiwaeleza kwa nini anaondoka na lini atarudi. Binti mmoja mteja akamuuliza, "Kumbe hata wewe unaruhusiwa kuchoka?"

"Ninaruhusiwa," akasema. "Wewe nani alikukataza?"

Binti akafikiri sana, kisha akaanza kumtaja.

Shangazi alilisikia hilo kupitia ukuta. Akaenda nyumbani na mifuko ya sokoni mikono yote miwili, akamkuta mume wake kizingitini, akaanza kusimulia kabla hata ya salamu. "Nimefundisha watu kuomba msaada tangu nikiwa kijana, bwana wee. Leo ndiyo nimemwona mtu anayejua kuuomba."

"Basi na wewe omba," mume akasema, "nikupokee hiyo mifuko."

Shangazi akasimama. Akaiangalia mifuko, akamwangalia mumewe.

"Nipokee," akasema.