Bata Aliyemkalisha Kolbeinn

Tangu Kolbeinn astaafu ufundi wa mitambo melini, nyumba yao katika mji wa bandari wa Ólafsvík ilikosa utulivu. Alifungua mabomba yasiyovuja. Alipaka rangi ua uliopakwa kiangazi kilichopita. Kazi zikimwishia, alisimama dirishani akitazama bandari huku akichezea funguo mfukoni. Mkewe Steinunn, ambaye starehe yake ni kuangalia ndege, akaona bora atoke naye. Asubuhi moja ya Juni wakaenda kwa gari hadi kijiji cha Arnarstapi, waifuate kwa miguu njia ya pwani inayokatiza kwenye mawe ya volkano mpaka kijiji cha Hellnar.

Haikusaidia. Steinunn hajaiweka darubini sawa kutazama shakwe waliotaga kwenye kuta za genge, mumewe keshasema, "Tumewaona. Twende." Na kila mara alitoa simu akaichungulia.

"Unasubiri nini?" mkewe akamuuliza.

"Nakusubiri wewe umalize."

Mwishowe Steinunn akamwambia atangulie, ila akifika kwa buabua, wale ndege wadogo wa pwani wanaotaga chini, anyanyue fimbo juu ya kichwa wadonoe hiyo, maana wana mayai na hawana mzaha. Kolbeinn akajibu kuwa amepigwa na mawimbi ya Greenland, hawezi kumwogopa ndege mwepesi kama soksi. Fimbo akamwachia mkewe.

Buabua walimshukia wote kwa pamoja. Kofia ikaenda, mdomo mmoja ukamtoboa utosini. Akakimbia nje ya njia, akajitupa kwenye shimo katikati ya mawe meusi, akakaa kwa kishindo. Alipokuwa akijifuta damu ndipo akaona kwamba kando ya buti lake kuna bata bahari jike ameatamia, rangi yake kama ya jiwe lenyewe. Hakuruka. Alimtazama tu kwa jicho moja.

Juu ya shimo alikuwa ametua shakwe mkubwa mwenye mgongo mweusi. Kolbeinn hakuhitaji kuambiwa anangoja nini. Alijaribu kuinuka, bata akanyoosha shingo, tayari kuruka na kuyaacha mayai. Akajirudisha chini taratibu.

Goti lilianza kumuuma. Kisha simu ikalia kifuani. Bata akashtuka, manyoya laini ya kiota yakapeperuka. Kolbeinn alijua ni nahodha Hallvarður. Fundi wake alikuwa ameumia mkono, meli inaondoka jioni, na nahodha alishasema akimhitaji Kolbeinn ashike nafasi hiyo atapiga mara moja tu. Mkono wa Kolbeinn ulikwenda hadi kwenye kifungo cha koti, ukaishia hapo. Simu ikalia mpaka ikanyamaza.

Steinunn alimkuta bado amekaa vilevile, jasho linamtoka.

"Usisogee," akanong'ona.

"Kwani naonekana nasogea?"

Akazunguka kwa mbali na fimbo, akamfukuza yule shakwe, na Kolbeinn akatoka kinyumenyume akitambaa kwa magoti. Alipofika njiani akapiga simu haraka. Nahodha akamwambia keshapata mwingine. Hapo ikabidi amweleze mkewe yote.

"Kwa hiyo ulikuwa unaondoka leo," Steinunn alisema.

"Ningekuambia."

"Ukishafika Greenland?"

Kolbeinn akairudisha simu mfukoni. Steinunn alifurahi kwamba haondoki tena, kisha akaionea haya furaha yake, kwa jinsi uso wa mumewe ulivyonywea. Huko Hellnar walikula mkate na nyama ya kondoo ya moshi. Steinunn alikula amekaa, mumewe alikula akizunguka gari za watu.

Wakati wa kurudi, Kolbeinn alibeba fimbo mwenyewe. Walipokaribia lile shimo alisimama.

"Ataatamia mpaka lini?"

"Wiki tatu hivi. Labda na zaidi."

"Na yule mweusi atarudi."

"Atarudi."

Kolbeinn akatazama bahari, akatazama mawe, akahamishia uzito kwenye mguu wa pili.

"Kesho mimi nakuja," alisema. "Wewe ukitaka kulala, lala."