Samaki Mkavu Akunjika

Samaki mkunje angali mkavu. Akiwa mbichi hana haja nawe. Ndivyo Vasumathi alivyomjibu mumewe siku alipoiegemeza simu kwenye mtungi wa achari, akatandika mkeka jikoni na kuanza yoga mtandaoni, naye ana wajukuu wanaonyoa ndevu.

"Utavunjika," Damodaran alimwonya kutoka kiti chake cha kuegemea, gazeti kifuani. "Nani atanipikia?"

Vasumathi alikuwa na lake moyoni. Sikukuu ya Onam iliyopita, ukoo mzima uliketi sakafuni mbele ya majani ya mgomba yaliyopakuliwa chakula, yeye akawekwa mezani na shangazi kipofu, kwa kuwa magoti yake yalikataa kukunjika. Aliapa mwaka huu atakula chini na watu wake.

Basi kila asubuhi mwalimu Remya, aliyekaa mji mwingine kabisa, alimwelekeza yeye na wanafunzi wenzake kupitia simu. "Mama, naona dari tu. Inamisha simu. Haya, goti la kushoto linasemaje?"

Remya hakuweza kunyoosha mkono amshike, kwa hiyo ilimbidi Vasumathi alisikilize goti lake mwenyewe, kama anavyosikiliza chungu cha wali. Mvua za mwezi wa Karkidakam zilipokatika, alikuwa anapanda ngazi za hekalu bila kushika ukuta, na usingizi uliomhama siku nyingi ulikuwa umerudi na virago vyake.

Ila asubuhi moja, Vasumathi akiwa ameziba tundu moja la pua kama alivyofundishwa, Damodaran alipita kudai chai. Mkewe, akidhani amezima kipaza sauti, akanung'unika: "Gunia la mchele huyu. Afadhali lile la stoo, halidai chai."

Darasa zima lilisikia, akiwemo mke wa aliyekuwa msaidizi wa Damodaran benki, mama ambaye siku hizi anakaa Muscat kwa mwanawe. Kabla ya chakula cha mchana, neno lilikuwa limevuka bahari na kurudi.

"Usiponiomba radhi mbele ya watoto," Damodaran alisema, "Onam utakula mezani. Mikeka napanga mimi."

Onam ikafika, majani yakatandazwa. Vasumathi hakungoja kupangiwa. Alishuka taratibu, akakunja miguu, akatulia kama chungu juu ya mafiga. Damodaran kwa hasira akajitupa kando yake, ajulikane mwenye nyumba ni nani. Akala wali, akaongeza, akamaliza na uji mtamu wa maziwa. Watu wakainuka. Yeye akabaki.

Alijaribu kujiinua kwa mkono wa kulia. Akajaribu kwa wa kushoto. Wajukuu walimtazama kwa heshima, midomo wameibana.

"Mama Sunil," alimnong'oneza mkewe, "nipe mkono."

Vasumathi, aliyekwisha kusimama bila kushika kitu, akamnyooshea.

"Na lile la gunia, niombe radhi yaishe."

"Vuta pumzi," mkewe alimwambia. "Itoe. Goti la kushoto linasemaje?"

"Linasema uombe radhi."

"Liambie siombi."